Siku Mama Amoit Alipokwenda kwa Naibu wa Chifu

Mpaka leo, nikipita Malaba na kusikia harufu ya dizeli imechanganyika na ya mandazi yanayoiva, huwa narudi kuwa mtoto wa miaka minane, nimechuchumaa nyuma ya hoteli ya Mama Amoit, nikingoja madereva wa malori wamalize chai ili nioshe vikombe.

Hatukuwa wa pale, ndugu zangu. Tulitoka ng'ambo, Uganda, miaka ile ya sabini ambapo wanajeshi walimchukua mtu nyumbani kwake na asionekane tena. Walipomchukua baba, mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukavuka mto mahali ambapo maji yalinifika kifuani. Mama Amoit alitukuta kando ya hoteli yake tumelowa. Hakutuuliza tulikotoka. Alitupa chai, akatupeleka kwake, akatuachia jiko tulale humo. Alikuwa mwanamke mnene wa kabila la Wateso, mwenye kicheko cha kutikisa benchi, na madereva walimwogopa kuliko polisi wa mpakani, maana ukimtukana mtu mezani pake alikunyang'anya sahani.

Tulikaa vizuri mpaka siku ya baraza la chifu. Ilitangazwa kwamba mwenye wageni kutoka ng'ambo aripoti kwa naibu wa chifu, na atakayewaficha atashtakiwa. Wengine, tulisikia, walikuwa wamesharudishwa. Majirani walimshauri Mama Amoit anyamaze tu, nani angejua? Yeye alipiga pasi gauni lake la kanisani, na asubuhi akamwambia mama anakwenda kusema kwamba tuko kwake.

 Mama Amoit alipotoka, mama alifunga nguo zetu kwenye leso na kumbeba mdogo wangu. Nilimchukia sana yule mwanamke niliyekuwa nimempenda. Lakini hatukufika mbali. Kwenye kijia cha kwenda barabarani tulikutana nao uso kwa uso, yeye na naibu wa chifu, mwanamume mrefu aliyekuwa akisukuma baiskeli.

"Mama, unaenda wapi na uji nimekuachia kwa moto?" Mama Amoit akauliza.

Mama akaanza kulia. Naibu wa chifu alimuuliza jina lake, na baba yetu yuko wapi. Kisha akamgeukia Mama Amoit.

"Hawa wakileta shida, nitamuuliza nani?"

"Mimi, mzee. Hawa ni watu wangu."

Naibu wa chifu aligeuza baiskeli yake. "Sheria ilitaka niwajue," akasema. "Sasa nimewajua. Rudini mkunywe uji."

Juma lililofuata naibu wa chifu alizungumza mwenyewe na mwalimu mkuu, nikaingia shule. Huko tulifundishwa kwamba raia mwema hutii serikali, nami nikakariri pamoja na wenzangu bila kufikiri.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa alichotufanyia Mama Amoit. Angetuficha, tungeishi kwa kunyata miaka yote. Yeye alitaka tutembee mchana kama watu, na kwa hilo namshukuru kuliko hata chai ile ya kwanza. Niliwahi kumuuliza, akiwa amezeeka, kama alijua naibu wa chifu angekubali. Akasema hakujua.

"Na angekataa?"

"Ningekwenda kukaa ofisini kwake mpaka akubali," akasema. "Kwani ile ofisi si yetu?"