Goti la Mwandoya

Siku chuo chetu hapa Bariadi kilipozindua kozi ya kutibu wanamichezo, nilikaa mstari wa mbele nimevaa fulana mpya yenye jina la kozi kifuani. Ni kozi ya uzamili, yaani anayeisoma sharti awe na digrii tayari. Mimi niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kutunza uwanja: kufyeka nyasi, kuchora mistari ya chokaa, kufunga nyavu. Ila kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nawachua wachezaji kwa mafuta ya kondoo na maji ya moto, wakanizoea kwa jina la Dokta. Mkuu wa chuo alinisimamisha, akasema kazi hii ilianzia kwenye mikono ya huyu mzee. Wakapiga makofi. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Kisha mwalimu wa kozi, mama aliyehamia kwetu kutoka Tanga, akataka kuwaonyesha wageni namna goti linavyopimwa. Akauliza ni mwanafunzi gani amewahi kuumia goti. Akasimama kijana mmoja ambaye zamani alichezea timu yetu, akaenda kufundisha sekondari Malampaka, na sasa amerudi kusoma. Kabla hajapandisha suruali nilishajua ni mguu upi.

Alilala mezani. Mwalimu alimkunja goti, akashika chini yake kwa mikono miwili, akavuta. Mfupa ukaja mbele kama droo ya kabati. Wageni wakaguna. Akaeleza kwamba ndani kuna kano iliyokatika siku nyingi, tena haikutibiwa, ndiyo maana goti limelegea. Akamuuliza aliumia wapi, naye akajibu ni Mwandoya, kwenye kombe la ng'ombe.

“Nani alikuhudumia siku hiyo?”

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale mezani. Kijana aliangalia juu, kwenye turubai.

“Hapakuwa na mtu, madam.”

Nami nikabaki nimekaa na fulana yangu.

Mtu alikuwepo. Mshindi wa kombe lile alikuwa anapewa dume, na sisi tulikuwa hatujawahi kurudi na hata mbuzi. Kijana aliruka, akatua vibaya karibu na mimi, na nilisikia goti likilia, ko, kama bua kavu la pamba linapovunjwa. Aliniambia, “Dokta, kuna kitu kimelia humu ndani.” Nikamwambia ni mshipa umerudi mahali pake. Sijui nililitoa wapi neno hilo. Nilimkanda, nikamfunga bendeji. Kocha hakunilazimisha, nataka niseme haki. Aliuliza tu, “Dokta, atarudi?” Kijana mwenyewe alikuwa anataka kurudi. Lakini wote wawili walikuwa wananitazama mimi, na mimi nikasema arudi. Alicheza akichechemea mpaka mguu ukamkataa kabisa. Tulishinda. Ng'ombe alipochinjwa nilipewa mguu mzima wa nyuma, shukrani ya Dokta, nikaupeleka nyumbani tukala.

Huwa najitetea kwamba sikuwa na elimu. Ni kweli sikuwa nayo. Masikio nilikuwa nayo.

Baada ya hotuba za uzinduzi kijana aliniletea sahani ya pilau. Nilimuuliza kwa nini amesema vile. Akacheka kidogo, akaniuliza kama nilitaka anitaje mbele ya mgeni rasmi, siku niliyovalishwa fulana. Akasema yeye pia alilitaka lile dume. Bora angenisema. Wakati huohuo, na hili nalo niliandike, moyoni kuna sehemu ilishukuru kwamba hakunisema.

Jumatatu niliwapelekea wanafunzi barafu darasani. Mwalimu alikuwa amewapa fomu ya kuandika historia ya jeraha, wameanza na la yule kijana. Ilikuwa imechorwa ubaoni, na kwenye mstari wa aliyetoa huduma ya kwanza hapakuwa na kitu. Niliweka ndoo chini. Nilitaka kutoka, hata nilifika mlangoni.

“Mwalimu, pale ni mimi,” nikasema. “Nililisikia likilia, nikamwambia arudi uwanjani.”

Kijana akasema taratibu, “Dokta, acha bwana.” Mwalimu hakunigombeza, na nadhani angenigombeza ningepata nafuu. Aliniuliza lilivyolia. Nikamwambia kama bua la pamba. Akauliza goti lilivimba baada ya muda gani, kijana alikanyagaje, mimi nililikanda na nini. Nilijibu yote nikiwa nimesimama, na wao wakaandika kila neno, na kijana naye akaandika, mguu wake ameunyoosha chini ya meza kama anavyoketi siku zote. Mkono wangu ulikuwa unanuka mafuta ya kondoo, au niliona hivyo tu.

Mwalimu akageukia ubao, chaki mkononi, mbele ya ule mstari mtupu.

“Jina hatuandiki, mzee wangu, tunaandika kazi yako. Vijana wanakuita Dokta. Niandikeje?”

“Andika mtunza uwanja,” nikasema.

Akaandika. Nikachukua ndoo yangu.