Matawi ya Kona ya Tatu

Barabara ya kutoka Tarime kwenda Nyangoto ina tabia moja mbaya, na kwa kweli tabia hiyo si ya barabara, ni yetu. Gari likiharibika, dereva anakata matawi na kuyatandaza nyuma na mbele ili wanaokuja wapunguze mwendo. Likishatengenezwa anaondoka zake na matawi anayaacha palepale. Yanakauka wiki nzima, wiki mbili, na kila anayepita anazoea kuyakanyaga. Mimi ni mwalimu wa fizikia, niliyeletwa huku na serikali kutoka Njombe, na nilizoea upesi kuliko wenyeji.

Mlima nao niliuzoea. Mara moja kwa mwaka tulikuwa na mashindano yetu ya kuupandisha: gari moja moja, kilomita nne za changarawe, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye bingwa. Hatukuwa madereva wa kweli. Alikuwepo mwenye duka la vipuri wa Bomani, pale Tarime mjini, fundi mitambo mmoja, jamaa wawili kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, halafu mimi na rafiki yangu, tabibu wa zahanati. Mkuu wangu wa shule alinitania kila Ijumaa, "Mwalimu, mbio za sakafuni huishia ukingoni." Nilimjibu kwamba mlimani hakuna sakafu. Nilijiona mjanja sana.

Jumapili ya mashindano polisi walitufungia barabara. Jumamosi ya mazoezi ilibaki wazi kwa watu wote, kwa hiyo mimi na tabibu tulikuwa na mapatano. Tulipishana dakika tano. Atakayetangulia akikuta ng'ombe, gari bovu au shimo jipya, asimame penye mtandao wa karibu na kumpigia simu mwenzake aliye chini asiondoke. Tuliyashika mapatano hayo miaka mitatu.

Jumamosi ile, mwaka juzi, nilitangulia mimi. Nilikuwa napanda vizuri kuliko nilivyowahi kupanda maishani. Kwenye kona ya tatu nikaona matawi, nikajisemea ni yaleyale, ya watu wasiojua kusafisha walipochafua. Lakini yalikuwa mabichi. Niliona kwamba ni mabichi, na hilo siwezi kujidanganya. Niliyapitia kwa mwendo uleule, na kwa kuwa bampa langu nilikuwa nimelishusha kwa ajili ya mashindano, liliyazoa yote kama fagio. Baada ya kona nikakuta lori la mawe ya dhahabu, ekseli imekatika, limeziba zaidi ya nusu ya barabara. Nilipenya upande wa korongo, nikiyakumba na yale ya mbele ya lori mpaka yakaangukia humo, na nakiri kwamba nilicheka.

Nilifika juu nikasimamisha saa. Muda ule sikuwahi kuupata. Nikatoa simu, nikaipiga picha ile saa. Jua lilikuwa linamulika kioo, basi nikatafuta kivuli ili picha isomeke, nikapiga nyingine. Nilipokumbuka kumpigia tabibu, simu iliita bila kupokelewa, maana alikuwa ameshaondoka na mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Nikapiga tena. Kishindo nilichosikia kutoka chini kilikuwa kimoja tu.

Alifia palepale. Dereva wa lori, mtu mzima wa hukuhuku, alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao. Alirudi akikimbia, akawa anawaambia askari na kila aliyefika, "Niliweka majani. Niliweka majani mimi." Watu walitazama barabara, ilikuwa tupu. Askari akaniuliza mimi niliyepita kwanza kama niliona alama yoyote. Nikasema, "Sikuona." Yule mzee alinitazama bila hasira, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi amalizie sentensi. Sikuimalizia, wala mahakamani sikuimalizia, naye akafungwa.

Siku ile nilipofika nyumbani nilikuta tawi moja limekwama chini ya bampa, majani yake bado ya kijani. Nililitumbukiza chooni. Tangu hapo nasikia matawi yakikwaruza chini ya gari. Nayasikia hata kwenye lami ya Bomani, mchana kweupe, watu wakichagua nyanya. Nasimama, napiga magoti, nachungulia, hakuna kitu. Vijana wa bodaboda wameshazoea kuniuliza, "Mwalimu, umepoteza nini tena?" Nikikuta matawi barabarani, hata makavu ya mwezi uliopita, nashuka na kutembea kwa miguu mpaka ng'ambo ya kona, wa nyuma yangu wakipiga honi. Mara mbili nimemkuta mtu amechuchumaa pembeni, na kwa mgongo wake nikajua kabisa ni tabibu. Aligeuka, akawa mtu mwingine anayefunga kamba ya kiatu. Naogopa siku atakayogeuka akawa ni yeye.

Mwaka huu mjane wake aliniomba nipande tena. Tunaitana shemeji tangu zamani, na chakula cha nyumbani kwake nimekila zaidi ya changu. "Shemeji, panda mara moja kwa ajili yake," aliniambia, "halafu tuachane na mlima huo." Nilishindwa kukataa bila kueleza sababu. Jumamosi, badala ya kufanya mazoezi, niliupanda mlima wote kwa miguu, na kila tawi nililoliona nililisogeza pembeni.

Jumapili asubuhi nilimkuta shemeji kwenye mstari wa kuanzia, saa ya kupimia mkononi. Kando yake alisimama yule mzee wa lori, kifungo chake kimekwisha. Alikuwa amekonda, mikono imejaa vumbi la mawe anayoponda siku hizi Nyangoto.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba, mwalimu."

"Nimemwalika mimi," shemeji alisema. "Mwezi uliopita alikuja nyumbani akapiga magoti. Alikiri kwamba hakuweka majani. Nimemsamehe, shemeji. Tangu siku hiyo nalala."

Akaenda kuzungumza na watu wa bendera ya kuanzia. Nikabaki na mzee, nikamwuliza kwa sauti ya chini kwa nini alisema hivyo.

"Mwalimu, nimesema ukweli tangu siku ile, nani aliniamini? Wazee wa ukoo waliniambia, mura, mwanamume, kiri upone. Na sasa hata mimi nikiikumbuka ile kona, naiona tupu. Labda kweli sikuweka."

Nilikuwa nimezoea kujua kwamba nilimpokonya kazi na uhuru. Sikujua kwamba nilimpokonya hata alichokiona kwa macho yake. Nikauacha mlango wa gari, nikamsogelea.

"Uliweka," nilimwambia. "Yalikuwa mabichi. Niliyaona, nikayazoa kwa gari."

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliniomba mara ya tatu, nikarudia tena. Sikuona furaha usoni pake wala hasira. Alinishika mkono juu ya kiwiko, bila kukaza, akanipeleka mpaka alipokuwa shemeji.

"Mama," alisema, "mwalimu ana neno."

Nikasema yote: matawi, bampa, lori, saa, picha ya kwanza na picha ya pili. Gari la mtu wa vipuri lilikuwa linaunguruma nyuma yetu, ikabidi nipaze sauti, na watu wa bendera wakasikia. Shemeji hakulia. Alimtazama mzee kwanza, muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Asubuhi ile nilimwambia mume wangu mlima huu unanitia hofu," alisema. "Akaniambia nisiogope, leo anatangulia mwalimu."