Sweta la Silver Spring

Kaka yangu aliishi Silver Spring miaka kumi na minane, na mimi nimelibandika jina hilo vifuani mwa watu wengi kuliko ninavyoweza kukadiria. Mwenyewe sijawahi kufika. Ninaishi Guangzhou, ghorofani nyuma ya Barabara ya Huanshi Zhonglu, nanunua nguo na kuzituma Dar es Salaam.

Nilipomuuliza kaka maana ya jina, alisema ni chemchemi ya fedha, ila fedha yenyewe hakuna. Zamani palikuwa na chemchemi ambayo mchanga wake ulichanganyika na ulanga, ukawa unang'aa. Mtu akaipenda, akajenga. Siku hizi imekauka, pamebaki kibustani. Tena si mji hasa, alisema, hapana meya wala mpaka unaoeleweka. Kila mtu hulivuta jina hadi mlangoni kwake. Wenzake wakipiga simu nyumbani husema wanaishi Washington, maana ndiko kunakojulikana. Yeye alisema Silver Spring. Alikuwa mtu wa kusema kitu kilivyo, tabia iliyonichosha.

Mama, huko Bukoba, alilishika jina akalikata. Kaka akawa "wa Silva." Wa Silva amepiga? Wa Silva anakula nini kwenye baridi ile? Majirani walidhani kuna machimbo.

Mwaka wangu wa kwanza huku, kaka alinitumia sweta lake la kijivu alilokwisha kulivaa, jina la Silver Spring limeandikwa kifuani kwa herufi za kijani. Alikuwa amesikia kwamba baridi ya Guangzhou hulala nawe ndani, kwa sababu nyumba hazipashwi joto. Nililivaa msimu mmoja. Msimu wa pili mteja wangu wa Kariakoo aliliona kwenye picha, akauliza linapatikana wapi.

Nikalipeleka mtaa wa Shahe kwa mama mmoja mwenye karakana ya kushona, laoban, yaani bosi, ninayefanya naye kazi siku zote. Akaligeuza nje ndani, akasema asipolifumua mshono kwa mshono, la kuiga halitafanana. Sisi tunaoagiza nguo tunalijua hilo: sampuli huenda, hairudi. Nilikuwa nakula tambi. Nikamwashiria kwa kijiti, afumue. Sikufikiri hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma, kwa kadiri kitu chochote kinavyoniuma siku hizi.

Silva ikawa bidhaa. Silva nyeusi, Silva ya kijivu, Silva ya watoto. Wakongo wakaipeleka Lubumbashi. Nilimtumia kaka picha, akacheka, akauliza kama wavaaji wanajua ni wapi. Nikamwambia wanadhani ni timu ya mpira.

Kaka alikufa ghafla, moyo, akiwa kazini. Mkewe, mtu wa kule, alimzika kule, na wiki hiyohiyo akapeleka nguo zake zote kanisani kwao zigawiwe. Simlaumu, ndiyo desturi yao. Labda zimeshafika Manzese ndani ya robota la mitumba.

Mama hakulia kwenye simu. "Mwili hamkuniletea," alisema. "Basi nileteeni nguo."

Nilijua anachotaka. Kwetu, mtu akifia mbali asirudishwe, huzikwa mgomba badala yake, umefungwa nguo yake. Lazima iwe aliyoivaa yeye. Bila hiyo mmefukia mgomba tu, na mwenyewe bado yuko njiani.

"Si alikutumia sweta lake?" Mama akauliza. "Unalo bado?"

"Ninalo, Mama."

Nilienda Shahe kuuliza vipande. Laoban alinitazama kana kwamba nimemuuliza mvua ya mwaka juzi ilikwenda wapi. "Meiyou," akasema. Hakuna. Akanipa sweta jipya bure. Mfanyabiashara mmoja wa Kikongo, mama wa makamo aliyekuwa akichagua vifungo pembeni, alinisikiliza hadi mwisho. "Courage, dada, jipe moyo," akasema. "Mama yako hatajua. Nguo ni nguo."

Kuchakaza nguo ni kazi ninayoiweza. Nililifua mara tisa kwa maji ya moto, nikasugua viwiko kwenye ukuta wa ngazi, nikalegeza nyuzi za shingoni, nikalilalia wiki nzima. Nilitegemea huzuni au aibu, lakini sikusikia lolote zaidi ya uangalifu wa kazi. Likaondoka na msafiri.

Siku ya maziko binti wa dada yangu alinishikia simu ili nione. Padri alikuwa ameaga mapema, asije akaona. Mama alilinusa sweta, akalikumbatia. "Bado lina harufu yake," akasema. Harufu ile ilikuwa yangu. Mgomba ukafungwa, ukashushwa.

Wanaume wawili wakashika sepetu. Mmoja akasimama kwanza, akavua koti apate nafasi ya kufanya kazi. Ndani alikuwa amevaa Silva ya kijivu, herufi za kijani.

Mama alikitazama kifua chake. Akatazama shimoni. Kisha akaitazama simu, akaikazia macho hadi yule binti akadhani mtandao umekatika. "Mama mdogo? Bado unatuona?"

Nilikuwa nawaona vizuri.

"Fukieni," Mama akawaambia.

Nilikuwa nimesimama Zhanqian, mlangoni mwa jengo la nguo za jumla, wabeba mizigo wakinipigia kelele niwapishe. Nilikata simu, nikapanda ghorofa ya pili, nikamalizia oda yangu.

Mama hajaniuliza hadi leo, nami sijasema. Tunaongea kila Jumapili akitoka misa. Ila lile jina halitaji tena. Akimkumbuka kaka husema "mwanangu wa kule." Wateja bado wananiandikia kila wiki: dada, Silva ya kijivu zipo?

Nawajibu zipo.