Santuri Niliyowafafanulia Watu wa Kiranjeranje

Nikilikumbuka jambo hili, hata nikiwa peke yangu nainamisha uso, kwa hiyo leo nalisema lote, mnicheke mara moja tuyamalize.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mimi mwalimu kijana pale Kiranjeranje, na Mzungu mmoja mpima barabara alipokuwa anarudi kwao tukaagana Nangurukuru, akaniachia gramafoni yake ya betri na santuri moja, kubwa, ganda lake limechorwa mnara wa taa na bahari nyeusi. Akaniambia nyimbo zote za santuri ile ni hadithi moja, na kwamba kwao watu wanabishana juu yake kama sisi tunavyobishana juu ya tenzi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Kiingereza changu (nisiwafiche) kilikuwa cha kusoma ubaoni, si cha kusikiliza katikati ya magitaa.

Basi kila alasiri baada ya masomo naipiga. Sauti zilikuwa nyembamba, za haraka haraka, kama kuku wanaokimbizwa, nikajua ndivyo Wazungu wanavyoimba siku hizi. Lakini kulikuwa na kitu mle ndani, nyimbo hazikatiki, moja inaingia kwenye nyingine, na muziki ulioupenda mwanzo unarudi mbele ukiwa umebadilika. Niliipenda kweli. Ubaya ni kwamba mahali fulani mtu alikuwa anahesabu namba, halafu kengele, halafu namba tena.

Mnazikumbuka siku zile. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita na sisi tumeambiwa tukae macho. Wiki ya pili nikamwona mgambo ameinama chini ya dirisha langu kama anayefunga kamba za viatu, naye yuko peku. Dukani nikiingia mazungumzo yanakatika. Jirani yangu akaacha hata kuniomba chumvi.

Halafu akaja katibu wa tawi, Bwana Likwata, mtu mzima, mpole, mwenye daftari. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akauliza zile namba ni za nini.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema sijui, yangeisha. Lakini mwalimu kusema sijui mbele ya daftari (ujana huo) niliona vibaya, nikamwambia hiyo ni kazi kubwa ya sanaa, inamhusu mkulima anayenyanyaswa na kabaila, namba ni magunia anayonyang'anywa, ile sauti nyembamba ni mama yake analia, na mwisho anajiunga na kijiji cha ujamaa. (Huko Ulaya. Sijui kilikuwa wapi.) Akaandika yote, polepole, akaniangalia.

"Vizuri, Mwalimu," akasema. "Ijumaa baada ya swala utawafafanulia wananchi."

Ijumaa watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji, mgambo amesimama nyuma yangu. Nikaipiga santuri, huku nafafanua kwa fimbo ya ubaoni, mkulima huyu hapa, kabaila yule, na nilipoona wanatikisa vichwa nikanogewa, nikamlilia yule mama mpaka nikafuta macho. Sikujua kwamba mkunga mpya wa zahanati, Modesta, aliyesomea kwa masista, alikuwa amekaa pembeni. Akanyanyuka, akaomba radhi kwa katibu, akaja kwenye gramafoni.

"Mwalimu, umeanza na upande wa pili," akasema. "Na hii inakwenda mbio mno."

Akaigeuza, akasogeza kitu kidogo pembeni ambacho sikuwahi kukigusa. Mama wa mkulima akageuka dume lenye sauti nzito. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini, na mimi nimeshika fimbo yangu.

Katibu hakucheka. Alimwambia Modesta afasiri, akafungua ukurasa mpya. Ikawa ni mlinzi wa mnara wa taa, kampuni imeufunga, wamemwamuru ahame, naye kila jioni anaiwasha taa ya meli zisizopita tena, anahesabu siku. Kicheko kikaisha chenyewe. Wimbo ulikuwa unakwenda taratibu sasa, mzuri kuliko nilivyowahi kuusikia, na nikaona watu wameacha kunitazama mimi. Wengi pale walikuwa na mikorosho waliyoiacha mahame walipohamishiwa kijijini, hata miaka miwili haijatimia.

Bi Somoe, ajuza wa watu, akauliza, "Na huyo, walimhamisha au alibaki?"

Modesta akamtazama katibu kwanza. "Alibaki, bibi."

Mgambo akawa anawatazama watu, watu wanatazama chini, na mimi nikatamani uongo wangu urudi, maana ule wa kabaila ulikuwa salama zaidi. Katibu akainua sindano. Akatangaza kwamba vyombo vinachukuliwa kwa uchunguzi, na mwalimu asubiri barua.

Nilisubiri barua miezi mitatu, kila baiskeli ikipita moyo unaruka. Haikuja. Lilikuja jina tu, Mwalimu Mbio, na hata wazazi wa wanafunzi waliniita hilo hilo bila kuona haya.

Mwezi wa nne nikapita ofisini mchana, mlango umerudishiwa, nikasikia muziki. Mwendo sahihi, upande sahihi. Nikabisha hodi, nikamkuta Bwana Likwata peke yake, daftari limefungwa, nikamuuliza kwa adabu kama uchunguzi umekwisha.

"Bado," akasema, hakuinua macho. "Nimefika pale anapokataa kuhama."

Nikamrudishia mlango taratibu. Yeye kwao kulikuwa Milola, mbali na pale, na sijawahi kumuuliza aliacha nini huko. Ila tangu hapo sisifu kitu mbele za watu kabla sijakisikia sawasawa, na nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, hata kama anayeuliza ameshika kalamu.