Vifaranga wa Uzi Mwekundu

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho wa shahada ya biolojia niliufanyia nyumbani kwa mama mdogo, kijijini Mwankoko, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa lake. Miaka yote alikuwa akikata majani ya mshubiri, anayaloweka, kisha anawanywesha kuku maji yale machungu. Aliamini wanawahi kukua. Mimi nikamwambia tupime.

Tulichukua vifaranga wa umri mmoja tukawagawa mabanda mawili. Waliokunywa mshubiri niliwafunga uzi mwekundu mguuni, waliokunywa maji matupu uzi mweupe. Chakula kilikuwa kilekile kwa wote. Siku za kazi nilikuwa Misigiri, nikifundisha kwa muda kwenye shule ya sekondari, kwa hiyo mama mdogo ndiye aliyelisha. Kila Jumamosi nilirudi, tukawatia vifaranga kwenye bakuli mmoja mmoja juu ya mizani, yeye anasoma, mimi naandika. Alisoma taratibu, kwa sauti, kama mtu anayekula kiapo.

Wiki za kupima zilipoisha, niliingiza uzito wote kwenye kompyuta nikafanya jaribio la t, lile linalolinganisha wastani wa makundi mawili. Wekundu walikuwa wazito zaidi, tena kwa mbali, na namba ya mwisho ya jaribio ilitoka ndogo sana.

"Sasa hiyo namba ndogo inasemaje?" mama mdogo aliniuliza.

"Inasema kama mshubiri haufanyi kitu, tofauti kubwa namna hii ingekuwa vigumu sana kutokea kwa bahati tu."

Hakushangilia. Nilidhani hajaelewa. Nikamsomea ukurasa wa shukrani niliokwisha kuuandika: namshukuru mama yangu mdogo, aliyewalisha vifaranga wote sawasawa bila kuchoka.

"Hapo futa," alisema.

"Wapi, mama?"

"Hapo pa sawasawa." Aliketi kwenye kigoda, akajifuta mikono kwenye khanga ingawa haikuwa na maji. "Wekundu nilikuwa nawaongezea mashudu. Na dagaa, mchana. Niliona wanakwenda sawa na wale weupe, nikasema mwanangu atafeli kwa sababu yangu."

Nilikasirika. Nilichukua kompyuta nikaingia ndani, nikakaa nikiitazama ile namba ambayo asubuhi ilinifurahisha. Haikuwa imekosea. Tofauti ilikuwepo kweli, ila haikutokana na mshubiri. Nje nilimsikia akiongea na kuku kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, nikajua analia. Ndipo nilipoanza kuona mambo kwa upande wake. Angeweza kunyamaza. Ningefaulu, dawa yake ingesifiwa, na hakuna mtu chini ya jua angejua.

Nilitoka nikakaa karibu naye. "Ungekuwa umesema mapema," nilimwambia.

"Ningesema mapema ungenifukuza bandani."

Tulicheka kidogo, wote wawili bila kutaka.

Jumatatu nilimpigia simu mwalimu aliyenisimamia chuoni, nikitegemea aniambie nibadilishe mada. Akasema, "Jaribio limekuonyesha tofauti ipo. Halina macho ya kuona nani kaweka nini kwenye chakula. Hiyo ilikuwa kazi yako. Rudia."

Tukarudia kwa vifaranga wapya. Safari hii tuligawa kwa kura: karatasi zilizokunjwa ndani ya sufuria, mama mdogo mwenyewe akichomoa. Maji yalijazwa na jirani yetu, mwalimu mstaafu, kwenye vyombo vyenye mifuniko, na yeye peke yake ndiye aliyejua mshubiri uko banda lipi. Mama mdogo alilisha bila kujua amhurumie nani. Alilalamika kwamba ni kama kupika umefumbwa macho, lakini alivumilia hadi mwisho.

Wa mshubiri walizidi kidogo tu, na jaribio likasema tofauti ndogo hivyo hutokea kirahisi kwa bahati.

"Kwa hiyo nimewanywesha bure miaka yote hii?" aliuliza.

"Hatujasema haufanyi kitu, mama. Tumesema kwa vifaranga hawa hatujauona ukifanya kitu. Labda wangekuwa wengi zaidi."

Alifikiri. Nilimwona ameumia, nami niliumia kwa kuwa ndiye niliyeleta habari hiyo. Kisha akasema afadhali ameisikia kwangu kuliko kwa mtu baki.

Ripoti niliiandika na majaribio yote mawili, pamoja na mashudu na dagaa. Siku ya kuitetea, mtahini mmoja aliniuliza kwa nini nimeliacha jaribio la kwanza humo wakati limeharibika.

"Kwa sababu aliyeniambia kwamba limeharibika alikuwa na kila sababu ya kunyamaza," nilijibu.

Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akafungua ukurasa uliofuata. Nilifaulu kwa alama za kawaida, na jioni ile nilipompigia mama mdogo kumweleza, alipiga vigelegele hadi simu ikakatika.