Sare ya Mama na Ukuta wa Chokaa

Kile kitenge alikichagua mamangu. Alizunguka maduka ya Birmingham Jumamosi nzima mpaka akakipata, bluu ya kuwaka yenye ndege wekundu, kiwe sare ya kina mama wa kanisa kwenye safari ya Spain. Halafu nguo zimeshashonwa, mwenyekiti wao akaandika kwenye grupu ya simu, mbele ya watu wote: "Wewe baki tu, dada. Vile vijiji viko mlimani na magoti yako tunayajua. Utatuchelewesha."

Magoti aliyaharibu akiinua wazee wa watu kwenye kea homu, nyumba ya kutunzia wazee, mtaa wa Kings Heath. Mama alisoma, akalaza simu kifudifudi, akaenda kuosha vyombo. Mimi damu ilichemka. Nikakata tiketi mbili, zetu, za kuwatangulia.

Tukafika siku moja kabla yao, tukalala huko juu, kwenye kituo chao cha kwanza. Kijiji cheupe pepepe, kimejengwa na Waislamu waliovuka kutoka Moroko zamani hizo: mapaa bapa, vichochoro vya kupishana kwa ubavu, mfereji wa maji kando ya ngazi. Asubuhi jamaa mmoja alikuwa ndio anamaliza kupaka chokaa ukuta wa uwanjani. Nikataka kuegemea, Mama akanivuta shati.

"We! Mbichi hiyo. Nyumba ya nyanya yako nilikuwa naipaka mimi kila Krismasi. Najua inavyoshika nguo."

Tukakaa kwenye benchi, yeye ndani ya sare yake. Hotuba ya matusi nilikuwa nayo tayari tangu Birmingham.

Wakatokea. Mwenyekiti mbele, ndani ya sare ileile, anahema, jasho mpaka kidevuni. Kumwona Mama ndani ya kile kitenge, akaganda.

"Kumbe… uko huku?"

Nikafungua mdomo. Mama akanifinya paja.

"Karibu, mwenyekiti wangu. Pole na mlima. Ni magoti?" Sauti asali tupu. "Hebu egemea hapo ukutani upumzike."

Akaegemea. Mgongo, makalio, kisogo, vyote.

Wenzake waliona. Wakajifanya wanatazama mlima. Alipojitoa ukutani kwenda kuwapanga kwa picha, ndege wote wa nyuma walikuwa wamezikwa na chokaa.

"Aki Mama, wewe ni mbaya," nikanong'ona.

"Nyamaza." Akainuka polepole, akakung'uta sare yake safi, akaenda kusimama kando ya mwenyekiti. "Zunguka huku, mwanangu. Tupige picha ya mgongoni."

Nikapiga. Kwenye grupu Mama akaituma mwenyewe, mbele ya watu wote.