Jina ya papa ilitoka ya mwisho mukononi mwangu

Admin, unifichie jina. Niko mujane wa miaka thelathini na mbili. Ninaishi na watoto wangu kwa papa, baba yangu, hapa Kisangani, upande wa Simi-Simi, na ninatumika mu ofisi ya uchaguzi. Munisamehe kama ninaandika kama mutu mwenye usingizi. Sisikii tena kitu mu roho.

Papa alikuwa mwalimu. Alipoacha kufundisha, akajiandikisha kandida wa baraza ya komine yetu. Siku ya kupanga majina juu ya karatasi ya kura, shefu wetu wa ofisi aliweka vikaratasi vya majina mu kikapo, mbele ya makandida wote. Akauliza nani aokote. Papa mwenyewe akasimama: "Mutoto wangu aokote. Huyu hajue kuiba." Wote wakakubali, hata wapinzani wake.

Nikaokota moja moja, shefu akisoma kwa sauti. Ya papa ikabaki ndani mpaka mwisho. Donc, wakaichapa kule chini kabisa, nyuma ya karatasi.

Kisha kura kupita, mama mumoja jirani alikuja kumuambia: "Mwalimu, nilitafuta foto yako, sikuiona. Basi nikatia kidole kwa ule wa kwanza." Huyo wa kwanza ndiye alishinda.

Papa hakunigombeza. Alileta avoka wake wa kesi nyumbani, akanikalisha.

"Utaambia tribinali kwamba shefu alikuonyesha vikaratasi vya kuokota."

"Papa, hakunionyesha kitu. Ulikuwa pale."

"Ndiyo, nilikuwa pale. Bon, wewe uko mutoto wa nani?"

Avoka akaangalia chini.

Ule shefu ndiye alinipatia kazi wakati bwana yangu alikufa. Nikisema vile, watamufunga. Nisiposema, papa amesema nitoke na watoto wangu, na siku atakufa nisikanyage kwa matanga yake.

Jana nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo. Papa akapita, akaniambia: "Ufue kikwembe yako ya muzuri. Kesho tunaenda." Nikajibu "ndiyo, papa", kama vile ameniomba maji ya kunywa. Nikaendelea kutwanga. Kikwembe iko juu ya kamba, imekwisha kukauka.

Ndugu zangu, munisaidie na mawazo mbele papa hajagonga mulango. Juji akiniuliza, nijibu nini?